Kwa nini mwanangu amepewa nusu ya filimbi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Hamburg na familia yangu. Shuleni kwa binti yangu mwenye miaka 10 amekuja mwanamuziki kutoka Bolivia, anawafundisha filimbi za kwao, zile za matete yaliyofungwa pamoja kama uzio. Kila mtoto kapewa safu moja tu, na mwalimu mwenyewe kasema hiyo ni nusu. Sasa binti akirudi nyumbani hawezi kupiga hata wimbo mmoja, maana noti nyingine ziko kwa mwenzake. Nilidhani vifaa ni haba. Lakini tulipokwenda kwenye onyesho la huyo mwalimu nilimwona kashika safu zote mbili, anapiga peke yake, huku wenzake wako kwenye gitaa dogo na ngoma kubwa, na ukumbi mzima unashangilia. Mbona watoto anawapa nusu? Anachofundisha ndio muziki wenyewe wa kwao, au ni kitu kilichorahisishwa kwa ajili ya Wazungu? Na je, nimnunulie binti filimbi kamili mtandaoni?

Jibu: Marahaba dada, na hongera kwa kumfuatilia mtoto kwa karibu namna hiyo. Wazazi wengi husikia kelele za filimbi chumbani wakafunga mlango.

Nianze na jibu lenyewe ili usisubiri. Binti yako hajapunjwa. Nusu aliyopewa ndiyo ala jinsi inavyopigwa na Waaymara na Waquechua wa kandokando ya Ziwa Titicaca, pale Peru na Bolivia zinapopakana. Kati ya yale mawili uliyoyaona, darasa na jukwaa, lililo geni kwa vijiji hivyo ni la jukwaani. Na kuhusu kununua: usinunue filimbi kamili kwa ajili ya mtoto mmoja. Tafuta nusu ya pili, na uipige wewe.

Kihispania huiita ala hiyo zamponya. Waaymara huiita siku, na mpigaji wake ni sikuri. Hapa nitasema zamponya ili tusichanganye na siku za juma. Ni mirija ya matete iliyo wazi juu na kuzibwa chini, na kila mrija hutoa noti yake moja. Haina matundu ya vidole. Safu moja huitwa ira, kwa kawaida ina mirija 6. Nyingine huitwa arka, ina mirija 7. Ira huongoza, arka hufuata.

Ukiwa umewahi kuimba kwaya kwa solfa utanielewa upesi. Katika mpangilio unaotumika sana leo, ira ina la, do, mi, so, ti, re. Arka ina so, ti, re, fa, la, do, mi. Sasa panda ngazi kuanzia chini kabisa: so iko kwa arka, la kwa ira, ti kwa arka, do kwa ira, re kwa arka, mi kwa ira, fa kwa arka, na kuendelea hivyo hadi noti ya 13. Hakuna mahali ambapo mtu mmoja anamiliki noti mbili zinazofuatana. Hata do-re-mi, ambayo mtoto wa chekechea huiimba kwa pumzi moja, hapa inataka watu wawili: mmoja do, mwenzake re, wa kwanza tena mi. Mwambie binti apulize safu yake kutoka mrija mrefu hadi mfupi. Mtasikia noti zinaruka, moja inapatikana na inayofuata haipo. Ndiyo maana anashindwa kupiga wimbo. Hakuna awezaye kwa safu moja, hata sikuri aliyezaliwa na kuzeekea Titicaca.

Mtu anaweza kusema basi ni usumbufu tu, kwa nini wasifunge safu zote pamoja yakaisha. Sikiliza kwanza kinachotokea kwenye sauti. Mrija uliozibwa chini hupulizwa kwa pumzi fupi yenye nguvu, midomo ikitamka kitu kama «tu», na sauti yake hufifia mapema. Anayepiga peke yake lazima aikate noti ili awahi mrija wa pili, kisha wa tatu. Wawili wakipokezana, kila mmoja ana nafasi ya kuiacha noti yake imalizikie juu ya mwanzo wa noti ya mwenzake. Wapigaji wazuri hufanya hivyo makusudi: mkia wa ira unagusana na kichwa cha arka, na wimbo hauachi mwanya. Wanafunzi ndio huacha mianya, kwa sababu kila mmoja anasubiri mwenzake amalize kabisa. Siku binti yako atakapoacha kusubiri, utaitambua tofauti ukiwa jikoni.

Kuna pia suala la pumzi. Ziwa Titicaca liko karibu mita 3,810 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya kituo cha Horombo kwenye njia ya Kilimanjaro. Hewa kule ina shinikizo la karibu theluthi mbili tu ya hewa ya Dar es Salaam. Kupuliza mirija mikubwa kwa nguvu, tena ukicheza, kwa saa nyingi, kichwa kinakuwa chepesi na macho yanazunguka. Ukiwa na mwenzako, kila noti yake ni nafasi yako ya kuvuta hewa. Sidai kwamba desturi yote ilizaliwa na hilo, lakini anayeijaribu huku amesimama mlimani haoni ajabu kwamba imedumu.

Na imedumu kweli. Wafinyanzi wa Moche, watu walioishi pwani ya kaskazini ya Peru kabla ya dola ya Inka kwa karne nyingi, walichora na kufinyanga wapigaji wawili wa filimbi za mirija wakielekeana, filimbi zao zimeunganishwa kwa kamba. Ninapoiona kamba ile huwa nafurahi sana. Maana yake kwao hatuwezi kuisoma yote, ila kwamba wapigaji ni wawili na hawaachani, hilo limechorwa wazi.

Sasa tuende kijijini, maana huko ndiko majibu ya swali lako la pili yalipo. Kaskazini-mashariki mwa ziwa, upande wa Peru, kuna mji mdogo uitwao Conima, unaosifika kwa zamponya. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Thomas Turino, mtafiti wa muziki, aliishi huko akipiga pamoja na wenyeji, na aliyoyaandika yamewafundisha wengi wetu tunaofundisha muziki wa kundi.

Kwanza, hakuna usaili. Sikukuu ikifika, mwanamume yeyote wa jamii anayetaka kupiga huja na ala yake akaingia kwenye duara, awe fundi au awe ameshika mrija kwa mara ya kwanza. Pili, na hili ndilo lililonigusa zaidi, anayekosea hakaripiwi mbele ya watu. Viongozi wa kundi wanasikia makosa vizuri kabisa, lakini kumwaibisha mtu kunachukuliwa kuwa ni kuharibu sherehe kuliko noti iliyopotea. Tatu, nyimbo ni fupi. Huwa na sehemu tatu, kila sehemu hurudiwa mara mbili, kisha wimbo mzima unarudiwa tena na tena kwa muda mrefu. Mgeni anaanza kwa kukamata noti mbili tatu zinazoangukia mirija yake, mzunguko unaofuata anaongeza moja, na wakati wacheza ngoma wanaanza kuchoka yeye ameupata wote. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa ndani.

Hata nyimbo mpya hutungwa kwa namna hiyo. Kabla ya sikukuu wapigaji hukutana usiku, mmoja anatoa kipande cha sauti, taratibu bila kujitangaza. Wengine kikiwapendeza hukidaka na kukiendeleza. Kisipowapendeza wanakaa kimya na kinapotea chenyewe bila mtu kuambiwa kuwa wazo lake ni bovu. Kisha kundi zima linabeba zamponya za ukubwa mbalimbali. Malta ndiyo ya kati. Sanja na toyo ni kubwa zaidi na hushuka chini yake. Mrija mrefu wa toyo huweza kupita mita moja. Zote zinapiga wimbo uleule kwa wakati mmoja, na sifa ya juu kabisa ni kundi kusikika kana kwamba ni ala moja. Mpigaji ambaye sauti yake inachomoza, hata iwe nzuri namna gani, amekosea.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si geni kabisa. Baganda wana amadinda, ile marimba ambayo wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akigonga noti zake katikati ya noti za mwenzake kwa kasi ambayo sikio halitenganishi. Pembe za amakondera za Rwanda nazo hutoa noti moja moja kila pembe, na wimbo hupatikana kwa watu wote kwa pamoja. Amadinda na zamponya hazina undugu wa historia ninaoujua. Lakini ukimfundisha mtoto wa Kiganda zamponya, hutahitaji kumweleza kwa nini ana nusu.

Basi jukwaa lilitoka wapi? Lilitoka mjini. Katikati ya miaka ya 1960, jiji la La Paz, Bolivia, lilikuwa na ukumbi mdogo uitwao Peña Naira, mahali pa kunywa, kukaa na kusikiliza. Hapo ndipo kundi la Los Jairas lilipojipatia jina. Fikiria mabadiliko yenyewe: badala ya watu 20 au 40 uwanjani, watu wanne kwenye jukwaa dogo, mbele ya wasikilizaji waliokaa kwenye viti na kulipa kiingilio. Kena, ile filimbi ya mtutu mmoja yenye matundu ya vidole, ikapewa nafasi ya mbele. Charango, lile gitaa dogo uliloliona, lenye nyuzi 10 zilizopangwa jozi tano, likapigwa kwa ufundi wa kuonyesha vidole. Gitaa la kawaida likashika besi. Bombo, ngoma kubwa, ikawapa mwendo. Na kwa kuwa hakuna nafasi wala fedha za kusafiri na sikuri 20, zamponya zikafungwa safu mbili pamoja, mtu mmoja akazipiga zote. Hicho ndicho ulichokiona Hamburg.

Katika kundi hilo mpiga kena alikuwa Mswisi, Gilbert Favre. Nakuambia hili kwa sababu umeuliza kama muziki umerahisishwa kwa ajili ya Wazungu. Mtindo wa jukwaani haukusubiri kufika Ulaya ndipo uguswe na Ulaya. Wakati La Paz inautengeneza, Mzungu alikuwa ndani yake, akipuliza kwa moyo na kwa ufundi mkubwa. Na huko Paris tayari kulikuwa na makundi ya Waamerika Kusini yaliyopiga kena na charango tangu miaka ya 1950.

Mpiga charango wa Los Jairas alikuwa Ernesto Cavour, mzaliwa wa La Paz wa mwaka 1940, na kwake nataka nitulie kidogo, kwa sababu yeye alifanya yale yale anayojaribu kuyafanya mwalimu wa binti yako. Alizunguka dunia akipiga. Tena aliandika vitabu vya kufundishia charango, wakati ambapo wengi walijifunza kwa kutazama vidole vya baba au mjomba. Na alikusanya ala za muziki, mamia kwa mamia, akazifungulia makumbusho kwenye mtaa wa Jaén hapo La Paz, mtaa mwembamba wa mawe. Alifariki mwaka 2022. Wapo waliosema vidole vyake vilikuwa vya sarakasi mno kwa muziki wa wakulima. Mimi naona kazi yake inajibu: mtu aliyeipeleka charango kwenye majukwaa ya mbali ndiye huyo huyo aliyekaa chini kuwaandikia wanafunzi na kuhifadhi filimbi za vijijini ambazo jukwaa lilizisahau.

Hatari ya jukwaa ipo, nisikufiche. Wimbo ukishaondoka kwa wenyewe, unaweza kufika mbali bila jina lao. Wasomaji wa umri wangu mnaikumbuka Lambada. Mwaka 1989 na 1990 hakukuwa na harusi wala disko Mombasa, Dar au Bujumbura isiyoipiga. Wengi tuliamini ni ya Brazili. Sauti ile ni ya Los Kjarkas, kundi la Cochabamba, Bolivia, waliourekodi wimbo wao Llorando se fue mwaka 1981. Kundi la Kaoma la Ufaransa liliutoa upya bila idhini, likauza dunia nzima, na ndugu Hermosa wa Los Kjarkas wakalazimika kwenda mahakamani ili watambuliwe. Walishinda. Hata hivyo nina hakika wengi walioucheza hadi leo hawajawahi kusikia jina la Cochabamba.

Kingine kinachopotea ni majira. Katika vijiji vingi vya nyanda za juu kila ala ina wakati wake wa mwaka. Tarka, filimbi ya mbao yenye umbo la pembe nne na sauti nzito inayokwaruza, ni ya masika, tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote mwezi Novemba hadi Kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima. Inahusishwa na mvua na mazao yanayokua. Zamponya ni zaidi ya kiangazi. Kanuni hiyo si chuma. Mjini Puno, kando ya ziwa upande wa Peru, sikuri hutoka kwa wingi mwezi Februari kwenye sikukuu ya Bikira wa Candelaria, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini kwenye onyesho la saa moja na nusu Ulaya utasikia tarka, zamponya na kena zikifuatana jioni moja, masika na kiangazi pamoja. Muulize mwalimu kuhusu hilo. Mwanamuziki mzuri ataeleza kwa furaha, na kwa kawaida huwa anatamani mtu amuulize.

Kwa hiyo, ni muziki wenyewe au si wenyewe? Mimi nafanya tofauti moja tu. Yupo mwanamuziki anayewapa watu kile walichokwishaamini. Umewaona pengine kwenye mitaa ya maduka: muziki wa nyuma unatoka kwenye spika, kichwani mtu kavaa manyoya marefu ya Wahindi Wekundu wa Marekani Kaskazini, vazi ambalo halihusiani kabisa na Waaymara. Simlaumu anayetafuta riziki ugenini. Najua baridi ya mtaa ule ikoje. Ila hapo hakuna kinachofundishwa. Na yupo yule anayetumia jukwaa kuwavuta watu, kisha akishawapata anawapa kitu kigumu zaidi na cha kweli zaidi. Mwalimu wa binti yako yuko upande huu. Angeweza kuwapa watoto safu zote mbili zilizofungwa pamoja, kila mmoja apige wimbo mwepesi peke yake, wazazi wafurahi wiki ya kwanza. Ingekuwa rahisi kwake. Ameamua kuanza na nusu, akijua mtalalamika.

Zaidi ya hayo, kufundisha wasio wenyeji ni jambo ambalo Waandes, watu wa milima ya Andes, wamelifikiria kwa muda mrefu. Miaka ya 1970 mjini Lima, mji mkuu wa Peru, vijana wengi waliokuwa na asili ya Puno, wengine wamezaliwa mjini, wanafunzi wa vyuo, waliunda makundi ya sikuri. Jiji lile lilikuwa linadharau mambo ya milimani, na wazazi wao wengine walikuwa wameyaficha. Vijana wakajifunza kwa kaseti zilizorekodiwa kijijini na kwa wazee wachache waliokubali. Hapo ndipo mazoezi ya ratiba yalipoingia, na kusahihishana waziwazi, na kuandika nyimbo kwa namba: kila mrija una namba yake, mstari wa juu wa ira, mstari wa chini wa arka. Kama binti yako ana karatasi yenye mistari miwili ya namba, ametokana na njia hiyo. Na kingine kikabadilika mjini ambacho kinamhusu yeye moja kwa moja. Kijijini zamponya zilikuwa za wanaume, wanawake wakiimba na kucheza. Leo La Paz, Puno na Lima zina wanawake wanaopiga, na yapo makundi ya wanawake watupu. Binti yako anapopuliza arka hajavunja mwiko wa mtu.

Kwa hiyo darasani usitarajie mwalimu amchague mtoto mwenye kipaji amsimamishe mbele. Usishangae pia kama hamsahihishi binti kila anapokosea. Huenda anafanya kama Conima, anasubiri kundi limbebe. Ukitaka kujua kama mtoto anaendelea, usimwambie «hebu nipigie wimbo». Muulize nani ni mwenzake, na wimbo gani wameanza kupokezana bila kusimama.

Sasa ununuzi. Mtandaoni zamponya nyingi ni pambo la ukutani: zimefungwa kwa utepe wa rangi, mirija imekatwa kwa macho tu. Ishara ya kwanza ya pambo ni kwamba muuzaji hasemi noti za ala. Afadhali umwombe mwalimu akuuzie au akuagizie nusu inayolingana na ya binti, kwa sababu ira na arka lazima zitoke kwa fundi mmoja na kwa kipimo kimoja; arka ya mtu mmoja na ira ya mwingine zitagombana. Omba ukubwa wa malta. Mrija wake mrefu una karibu sentimita 30, mtoto na mtu mzima wote wanaumudu. Za plastiki si aibu hata kidogo. Shule nyingi huzitumia, hazipasuki kwa joto la nyumba za Ulaya wakati wa baridi, na huoshwa kwa maji ya bomba. Zikiwa za matete, zisikae karibu na hita. Ukikuta safu ya pili ya mirija nyuma ya ile inayopulizwa, usidhani umepata filimbi kamili kwa bahati. Mara nyingi mirija hiyo iko wazi chini, haipulizwi moja kwa moja, inaongeza mvumo tu.

Mkishawishika siku moja kununua charango, kataa lile lililotengenezwa kwa gamba la mnyama. Zamani mgongo wake ulikuwa wa gamba la quirquincho, mnyama wa kule mwenye magamba anayefanana na kakakuona wetu. Sasa analindwa kimataifa, na forodha ya Ujerumani wanaweza kukunyang'anya. Mafundi wa Bolivia siku hizi hutengeneza ya mbao, na sauti yake ni nzuri zaidi kwa masikio yangu.

Mkiwa na nusu zote mbili, kaeni mkitazamana, viti karibu. Mdomo wa chini ugusane na ukingo wa mrija, tabasamu kidogo, pumzi ipite juu ya tundu badala ya kuingia ndani. Anzeni na mirija ya katikati. Mirefu inakula pumzi na mifupi inataka midomo iliyozoea. Kabla ya wimbo wowote, pigeni ngazi: arka so, ira la, arka ti, ira do. Polepole sana. Kosa la wazazi ni kuhesabu kwa mguu na kumtazama mtoto kama mtihani. Acha mguu, sikiliza noti yake, ingia kabla haijaisha. Kichwa kikizunguka, wekeni chini mnywe maji, ni hewa nyingi mno kwa wakati mmoja, itapita. Mkisikia mrija mmoja uko chini kidogo kuliko ndugu zake, tieni punje chache za mchele ndani. Mrija unakuwa mfupi kwa kiasi hicho na noti inapanda. Sikuri hufanya hivyo kwa punje za mahindi au vijiwe, ni ufundi halali kabisa.

Mkizoea, badilishaneni: yeye ashike ira, wewe arka. Wimbo ni uleule lakini mtahisi mmepewa mwingine, kwa sababu aliyezoea kuongoza sasa lazima afuate. Walimu wengine huliacha hilo hadi mwaka wa pili. Mimi naona kwa mtu na mwanawe lifanyike mapema.

Na onyesho la watoto likifika mwisho wa muhula, mwulize mwalimu kama wazazi wanaruhusiwa kuingia kwenye duara na ala zao. Nadhani atakubali kabla hujamaliza kuuliza.